Kabla Mhusika Wako Hajanunua Farasi

Punda aliitwa Subira. Alikufa Jumamosi moja usiku, kwenye chumba cha kusomea cha hosteli yetu, na aliyemuua ni mimi.

Usishtuke, hakuwa punda wa kweli. Alikuwa mstari mmoja wa penseli kwenye karatasi ya mwenzetu wa mwaka wa kwanza. Lakini mstari ule ulipofutwa, yule mwenzetu alifunga daftari, akasema, "Sawa kaka, usiku mwema," akaondoka. Wiki tatu hatukumwona mezani. Makala hii imetokana na wiki zile tatu. Nataka kueleza vipando vinavyofanya kazi katika michezo ya kuigiza ya mezani: vinasaidia nini, vinagharimu nini, na kwa nini ukivichukulia kama bodaboda tu unaweza kuvunja kundi lako bila hata kujua ulipokosea.

Kwa ambaye hajawahi kukaa mezani

Mchezo wenyewe ni huu. Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza. Kila mchezaji ana mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mchawi, chochote anachotaka, na sifa za mhusika huyo zimeandikwa kwa namba kwenye karatasi. Mtu mmoja hana mhusika wake. Sisi tunamwita mwendeshaji. Kazi yake ni kueleza dunia ilivyo, kuigiza maadui na wenyeji wote, na kuamua kanuni zinasemaje pakitokea ubishi. Wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu inarushwa, dadu inaamua.

Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Sisi tunatumia kanuni za toleo la 5, la mwaka 2014, kwa sababu ya kimwanafunzi kabisa: ni bure. Mwaka 2023 kanuni zake za msingi ziliachiwa umma kwa leseni ya Creative Commons. Unapakua, unachapisha kurasa unazozihitaji, basi. Mwaka 2024 kilitoka kitabu kipya cha kanuni, kwa hiyo elewa kwamba namba nitakazotaja hapa ni za 2014.

Kipando ni kiumbe anayembeba mhusika wako: farasi, punda, ngamia, mbwa mkubwa, hata kiumbe mwenye mabawa. Karibu kila mchezaji mpya anakitaka. Si ajabu. Ukifumba macho ukamwaza shujaa, unamwona yuko juu ya farasi.

Farasi aliingiaje

Farasi hakuingia kwenye michezo hii kama rafiki wa shujaa. Mwaka 1971, kabla ya Dungeons & Dragons, Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za Chainmail, mchezo wa vita vya zama za kati unaochezwa kwa vinyago vidogo mezani. Mle ndani wapanda farasi ni kikosi: wapo wepesi, wa kati na wazito. Kinachoangaliwa ni kwamba kikosi kinakwenda umbali gani na kinagonga kwa nguvu kiasi gani. Dungeons & Dragons ilichipuka kutoka huko.

Ukisoma kanuni za kipando hadi leo unaisikia harufu ya uwanja wa vita. Zinajibu vizuri maswali ya mwendo, zamu na kuanguka. Huyu mnyama analala wapi usiku, na mwenye naye atajisikiaje akifa, hayo zimewaachia watu walioko mezani. Hapo ndipo mimi nilipoteleza. Lakini tuanze na zilichosema.

Kanuni kwa kifupi

Kwanza, kipando lazima akubali kupandwa, awe na umbo linalofaa, na awe mkubwa kuliko wewe kwa angalau daraja moja la ukubwa. Sharti hili la mwisho linawakamata wengi. Binadamu ni wa ukubwa wa kati. Farasi ni mkubwa, kwa hiyo hakuna shida. Lakini nyumbu na farasi mdogo wa poni nao wamewekwa ukubwa wa kati, na sisi tunamhesabu punda pamoja na nyumbu. Maana yake binadamu hawezi kuwapanda hao, anaweza tu kuwapakia mizigo. Wanaoweza kumpanda punda ni wahusika wafupi, kama wale mbilikimo wanaoitwa halfilingi. Mhusika wa mwenzetu alikuwa halfilingi, ndiyo maana Subira alikuwa kipando halali.

Pili, kupanda au kushuka kunakula nusu ya mwendo wako wa zamu hiyo. Unayekwenda futi 30 unatumia 15 kukaa kwenye tandiko.

Tatu, kuanguka. Kitu kikimsukuma mnyama wako bila hiari yake, au wewe ukipigwa hadi kutaka kudondoka, unarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha wepesi wako. Ukifika 10 umebaki juu. Mhusika ambaye wepesi wake haumwongezei kitu anafaulu mara 11 kati ya 20, yaani ni kama kurusha shilingi. Ukishindwa unadondoka chini kifudifudi. Mnyama mwenyewe akianguka, unaweza kuwahi kuruka ukasimama kwa miguu yako, kama bado hujatumia nafasi yako ya kujibu tukio la ghafla katika raundi hiyo.

Nne, mnyama aliyefunzwa anachukua zamu pamoja na wewe na anakwenda unakomwelekeza, ila ana mambo matatu tu ya kufanya: kutimua mbio, kujitoa kwa adui bila kushambuliwa mgongoni, au kukwepa. Hapigani. Kama unataka apigane, unamwachia hatamu, na hapo anachukua zamu yake mwenyewe na kufanya anachotaka yeye. Anaweza kukimbia na wewe mgongoni. Viumbe wenye akili, kama majoka, siku zote wanajiamulia wenyewe.

Unachopata

Faida ya kwanza ni mwendo. Binadamu wa kawaida anakwenda futi 30 kwa zamu, kama mita 9. Farasi wa kupanda anakwenda futi 60. Utamu uko hapa: ukiwa juu yake, yeye anatumia miguu yake na wewe unabaki na tendo lako. Akitimua mbio anafika futi 120, na wewe bado unaachia mshale. Anayetembea kwa miguu akitaka kutimua mbio lazima aache kupigana zamu hiyo, na hata hivyo anaishia futi 60.

Faida ya pili ni mzigo. Mhusika mwenye nguvu za wastani anabeba pauni 150, kama kilo 68. Punda anabeba pauni 420, kama kilo 190, na bei yake ni vipande 8 vya dhahabu. Kwa kundi linalotoka pangoni na masanduku ya hazina, hiyo ni tofauti kati ya utajiri na kuacha mali nyuma.

Kuna faida ya tatu ambayo watu wanaidhani ipo, kumbe haipo. Wengi wanaamini ukiwa na farasi safari ya siku nne inakuwa ya siku mbili. Hapana. Kwa kanuni hizi mtembea kwa miguu anakwenda maili 24 kwa siku kwa mwendo wa kawaida, kama kilomita 38. Mwenye farasi anaweza kumkimbiza kwa kama saa moja tu na kupata umbali maradufu wa mwendo wa haraka katika muda huo. Baada ya hapo mnyama amechoka. Kama huna vituo vya kubadilisha farasi njiani, siku nzima mnakaribia kulingana na watembea kwa miguu. Ukifikiri kidogo inaingia akilini. Mnyama naye ana mapafu.

Unacholipa

Farasi wa kupanda anauzwa vipande 75 vya dhahabu. Tandiko 10. Jumla 85. Mpiganaji mpya anayeanza kwa kurusha dadu za fedha anapata wastani wa vipande 125. Kwa hiyo umenunua farasi na umebakiwa na 40 za kutafutia silaha, kinga, kamba na chakula. Si unajua wale ambao bumu limetoka Jumatatu, Jumatano wana simu mpya, Ijumaa wanaomba maharage kwa jirani? Ndiyo hao.

Halafu kuna matunzo. Banda ni vipande 5 vya fedha kwa siku na chakula vipande 5 vya shaba. Kwa siku 20 mjini ni vipande 11 vya dhahabu, zaidi ya bei ya punda mzima. Ukitaka kumvisha mnyama kinga ya chuma, bei ni mara nne ya ile ya binadamu: deraya ya minyororo ya mtu ni vipande 75, ya farasi ni 300.

Lakini gharama kubwa haiko kwenye fedha, iko kwenye alama za uhai. Farasi wa kupanda ana alama 13. Farasi wa vita, anayeuzwa vipande 400, ana 19. Nyumbu, na kwetu punda pia, ana 11. Na hawaongezeki. Wewe unapanda daraja, yeye anabaki pale pale. Mpiganaji wa daraja la 5 mwenye afya nzuri ana kama alama 44. Sasa mchawi wa adui anarusha mpira wa moto: dadu 8 za pande 6, wastani 28. Mpiganaji ameungua lakini anasimama. Farasi wa kupanda, hata akifaulu kukwepa na kupata nusu ya moto, nusu ya 28 ni 14. Amekufa. Yaani siku kundi lenu linapoanza kukutana na wachawi wa maana, farasi wa kawaida anakuwa mshumaa.

Kuna pia nafasi. Farasi anachukua eneo la futi 10 kwa 10. Mapango mengi yana njia za futi 5. Anaweza kujibana apite, lakini anakwenda taratibu na kila adui anampiga kwa urahisi. Kwenye ngazi ya kamba hapiti kabisa.

Na wanaoruka? Grifoni, mwenye mwili wa simba na kichwa na mabawa ya tai, anaruka futi 80 kwa zamu. Ni raha tupu mpaka apigwe akiwa angani. Kila futi 10 za kudondoka ni dadu moja ya pande 6. Ukitoka futi 100 ni dadu 10, wastani alama 35. Kabla hujamwomba mwendeshaji akupe mabawa, piga hesabu hiyo kwa kalamu.

Je, dunia yenu ina farasi?

Jedwali la bei limeandikwa kana kwamba kila mji una mnada wa farasi. Hilo ni wazo la Ulaya ya zamani, na kama mchezo wenu uko kwenye nchi ya namna hiyo, sawa. Ila makundi mengi hapa chuoni yanatunga dunia zao wenyewe, na wengi tunachora ramani zenye pwani, misafara na mapori tunayoyajua. Ukifanya hivyo, jiulize kwanza kama farasi angeishi huko.

Historia tuliyosoma sekondari ina jibu. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea wapagazi, watu waliobeba pembe na nguo mabegani. Sababu mojawapo kubwa ni mbung'o. Mdudu huyu anaeneza nagana, ugonjwa unaoua mifugo, na farasi hawauvumilii. Kwa hiyo katika nchi yenye mapori ya mbung'o, farasi wa vita si bidhaa ya vipande 400. Ni kitu cha ajabu ambacho mfalme mmoja anacho, na kinatunzwa kama mboni ya jicho. Mchezaji akimwiba huyo farasi, umepata kisa cha miezi miwili.

Au chukua mji kama Lamu, mji mkongwe wenye vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima asubiri. Pale punda ndiye anayebeba mawe, maji na watu. Mpe mhusika farasi mkubwa wa vita kwenye kichochoro cha namna hiyo uone. Hageuki. Halfilingi juu ya punda wake anampita chini ya mkono. Sioni hapo adhabu kwa mwenye farasi. Ni dunia imeanza kuwa na mwili, na wachezaji wanaanza kufikiri kabla ya kununua.

Maswali matatu

Sasa nirudi kwa Subira.

Mwenzetu yule alikuja mezani kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa semista. Wengine walinunua mapanga na deraya. Yeye alibakiwa na vipande 9 vya dhahabu, akanunua punda. Wenzangu wakacheka. Yeye akasema kwao punda ndiye anayeleta maji, na nyumba yenye punda haichekwi. Akampa jina. Kila kikao alikuwa anatuambia Subira amekula nini na amefungwa wapi. Kumbe alikuwa anacheza vizuri kuliko sisi wote, sisi tukaona ni mambo ya mwaka wa kwanza.

Usiku ule kundi liliingia kwenye ukumbi wa chini ya ardhi. Mchawi akarusha mpira wa moto. Nikahesabu: fulani alama 28, fulani 14, punda 28, punda amekufa. Akasema, "Kaka, Subira nilimfunga nje, kwenye ule mti." Nikamjibu, "Hukusema." Akarudia kwamba alisema. Nikamwambia tuendelee, muda umekwenda. Hakuna aliyefungua mdomo.

Jumatatu mwenzetu mwingine, anayesoma uhandisi, ambaye huwa anaandika kumbukumbu za kikao, akanionyesha daftari. Mstari ulikuwepo: "Punda nje, mti mkubwa." Alikuwa amesema. Mimi sikusikia, na kwa kuwa nilikuwa na kiti cha mwendeshaji, kutosikia kwangu kukawa ndiyo ukweli wa dunia nzima.

Ninasomea ualimu. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha niliwahi kuandika jibu lisilo sahihi ubaoni, mtoto wa kidato cha pili akanyoosha mkono, nikafuta, nikamshukuru mbele ya darasa. Nilijisifu sana siku ile. Mezani, mbele ya watu wa rika langu, sikuweza kufanya kitu kilekile kwa ajili ya punda wa penseli.

Tangu hapo, yeyote anayetaka kipando kwenye meza yetu anajibu maswali matatu, na majibu yanaandikwa kwenye karatasi ya mhusika kabla fedha hazijatoka.

Swali la kwanza: nani anamwongoza? Kwetu mwenye mnyama ndiye anamwongoza, na anatamka mwanzoni mwa kila pambano kama ameshika hatamu au ameziachia. Akishika, mnyama anakimbia, anajitoa au anakwepa. Akiachia, mnyama anapigana, lakini mwendeshaji ndiye anamchezesha. Hili ni muhimu hasa kwa farasi wa vita. Ana shambulio zuri sana la kukanyaga: akija mbio moja kwa moja futi 20 na kupiga kwato, adui asipofikisha 14 kwenye dadu ya nguvu anaangushwa. Ila ukiwa umeshika hatamu hawezi kulitumia. Watu wamelipa vipande 400 wakaja kugundua hilo katikati ya vita, na hapo ubishi wake si mchezo.

Swali la pili: yuko wapi? Si mwanzoni tu, ni kila mnapoingia mahali. Tulichofanya ni rahisi. Kila kipando kina kipande cha karatasi chenye jina lake, na kipande hicho kinawekwa juu ya ramani. Kama karatasi iko nje ya mlango, mnyama yuko nje ya mlango, hata mwendeshaji aseme nini. Kipande cha karatasi kisingeniruhusu kumwambia mtu "hukusema".

Swali la tatu: akikaribia kufa, inakuwaje? Hapa kila kundi lina ladha yake, lakini chagueni mapema. Desturi ya kawaida ni kwamba mnyama akifika sifuri amekufa hapo hapo, wakati mhusika anapewa nafasi ya kupigania uhai: anarusha dadu ya pande 20 kila zamu, 10 na kuendelea ni ushindi, ushindi mara tatu ametulia, kushindwa mara tatu ameaga. Hakuna kinachokuzuia kumpa mnyama mwenye jina nafasi hiyohiyo, na kanuni zenyewe zinamruhusu mwendeshaji kufanya hivyo kwa viumbe muhimu. Sisi tumechagua hiyo.

Njia nyingine ni kumlinda kwa ujuzi. Kipo kipaji cha mpiganaji wa juu ya mnyama kinachokuruhusu kuvuta kwako shambulio lililolengwa kwa kipando chako, na mnyama akifaulu kukwepa mpira wa moto haungui kabisa. Kwa paladini, yule askari wa kiapo, kuna uchawi anaoupata akifika daraja la 5 wa kuita roho yenye umbo la farasi, ngamia, paa mkubwa au mbwa. Ikipigwa hadi sifuri inatoweka, na akiita tena inarudi ikiwa na afya kamili. Kwa mchezaji anayependa kipando lakini hataki msiba kila wiki, hilo ndilo jibu zuri kuliko yote. Na kama kundi lenu linataka mnyama anayekua na mwenye naye, tazameni Pathfinder wa kampuni ya Paizo. Mwaka 2010 uliongeza mhusika aitwaye kavalia, mpanda farasi ambaye kipando chake kinapata nguvu kadiri yeye anavyopanda daraja.

Kuna pia makundi yanayokubaliana kwamba adui hamlengi mnyama asiyepigana. Si kanuni, ni makubaliano. Ila kama mmekubaliana, mwendeshaji asigeuke katikati. Ni sawa na mhadhiri kubadilisha mwongozo wa kusahihisha baada ya mtihani. Tungeandika barua.

Alivyorudi

Ilinichukua wiki mbili baada ya kuona lile daftari. Mwanzoni nilituma ujumbe wa simu, wa kichekesho, eti Subira ameonekana akila majani mbinguni. Hakujibu, na alikuwa na haki. Wiki ya tatu nikamsubiri nje ya maktaba. Nikamwambia alisema, imeandikwa, mimi ndiye sikusikiliza, na nilipoulizwa nilimfanya yeye muongo mbele ya watu. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Na wengine unawaambia hivyo hivyo?"

Jumamosi nikawaambia, yeye akiwepo, kabla dadu haijarushwa. Mwenzetu wa uhandisi akasoma mstari wake. Tukakubaliana kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea: moto uliwaka ndani ya ukumbi, punda alikuwa nje kwenye mti mkubwa. Wahusika walipotoka, wameungua nusu, walimkuta anatafuna gome.

Wenzangu bado wanataka farasi, na sasa mmoja amefikisha vipande 400. Juzi alimleta farasi wake mpya wa vita kwenye njia ya futi 5 akaanza kulalamika. Halfilingi akasogeza kipande chake cha karatasi, akampita pembeni, akasema, "Pole kaka. Mfunge nje, nitakushikia mzigo."

Tunacheza kila Jumamosi kuanzia saa mbili usiku, ila wiki za mitihani. Penseli njoo nayo. Farasi, tutaongea kwanza.